Riale ya 1780 na "ada ndogo" ya Sh3,500

Tulikwenda Kinondo kwa shughuli ya kawaida tu: kukaa siku nzima nje ya duka la wakala, kuwasaidia wateja kubadilisha nambari ya siri, na kuwaomba wasome ujumbe wa muamala kabla ya kuufuta. Benchi lilikuwa chini ya mwembe na upepo wa bahari ulikuwa unatufikia vizuri. Mpaka saa nne hivi tulikuwa tumehudumia watu wachache mno, na mmoja wetu alishaanza kuulizia madafu.

Ndipo akaja bibi mmoja na leso zake mbili, kabambe mkononi, na kipande cha karatasi chenye nambari ya simu iliyoandikwa kwa biro nyekundu. Alitaka kuweka Sh3,500 halafu azitume.

"Unamtumia nani, bibi?" wakala akamuuliza. Wanajuana. Kijana huyu amekulia mtaa huo huo.

"Ni ada ya usajili, mwanangu. Nikishalipa, jioni wananitumia milioni mbili."

Wakala akatutupia jicho. Tukamkaribisha bibi benchini, tukamwomba kwa heshima atueleze ni usajili wa nini. Hakukataa. Alifungua fundo kwenye pindo la leso, akatoa kitambaa, na ndani ya kitambaa mlikuwa na sarafu kubwa, nzito, nyeupe iliyofifia. Upande mmoja una mwanamke mnene mwenye shela, upande wa pili tai wa vichwa viwili na mbawa zilizotandazwa. Chini ya maandishi ya Kilatini kuna mwaka: 1780.

"Hii ni riale," akasema. "Ilikuwa ya bibi yangu mzaa mama. Mie nilipewa nikiwa mwari."

Mjukuu wake wa kidato cha tatu ndiye aliyeipiga picha na kuiweka kwenye kikundi kimoja cha Facebook cha watu wanaouziana vitu vya kale. Haikupita saa moja, mtu akapiga simu. Alijitambulisha kuwa wakala wa mkusanyaji wa sarafu aliyeko Marekani. Hesabu yake ilikuwa nyepesi, na tunakiri ilikuwa inavutia: sarafu ina zaidi ya miaka 240, ilipigwa kabla George Washington hajawa rais, basi bei yake ni shilingi milioni mbili bila kusumbuana. Kilichobaki ni kuisajili kwenye mnada. Ada ndogo.

Kwanza tulimwomba wakala asitume chochote. Halafu tukaingia kwenye kazi ambayo hatukuipanga, kuitafutia riale ya bibi historia yake. Tunaieleza hapa, kwa idhini yake na bila kutaja jina lake, kwa sababu kila mara tunapozungumza na wateja wa Pwani linatokea swali la sarafu za zamani, na kila mara kuna mtu amekwisha kutuma kitu kwa mtu.

Mwaka ulioganda

Yule mwanamke kwenye sarafu ni Maria Theresa, malkia aliyetawala Austria. Alifariki Novemba 1780. Kwa kawaida mtawala akifa sura yake huondolewa kwenye sarafu, lakini ya huyu haikuondolewa. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi, Yemen na Oman walikwisha kuizoea sarafu yake kiasi kwamba walikataa yenye sura nyingine au mwaka mwingine. Walijua uzito wake, walijua fedha iliyomo, wakaipima kwa macho na kwa vidole. Kwa hivyo Austria ikaendelea kuipiga vile vile, pamoja na mwaka 1780 na herufi S.F. chini ya kifua cha malkia, baada ya miaka kumi, baada ya miaka hamsini, baada ya mia.

Wengine nao wakaingia. Mwaka 1935 Italia ya Mussolini, ikijiandaa kuivamia Uhabeshi, ilipata kutoka Austria haki ya kuipiga sarafu hii na ikaanza kuitengeneza Roma. Uingereza haikutaka kuachwa nyuma, ikaanza kuipiga London mwaka 1936. Paris na Brussels zikafuata, kisha Bombay wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na baadaye Birmingham. Zote ziliandikwa 1780. Kiwanda cha sarafu cha Vienna kinaitengeneza na kuiuza mpaka leo. Inakadiriwa kwamba tangu malkia afariki zimepigwa zaidi ya milioni 300.

Hebu rudia hiyo idadi polepole. Mwaka ulioandikwa kwenye riale ni sawa na jina la duka lililoandikwa ukutani: linakuambia mwenye duka alitaka uone nini, halikuambii duka lilijengwa lini.

Huku kwetu riale ilikuwa pesa kweli kweli. Katika karne ya 19 forodha ya Zanzibar ilihesabiwa kwa riale, na pembe za ndovu, sandarusi na karafuu zikauzwa kwa riale. Na Wamarekani wamo kwenye stori hii, ila si kama alivyodai yule mpiga simu. Wafanyabiashara kutoka Salem, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts, walikuja Zanzibar na vitambaa vya pamba, wakaondoka na pembe na sandarusi. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, na balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, mtu wa Salem, alifika mwaka 1837. Ndio maana mpaka leo bibi zetu wanakiita kile kitambaa merikani.

Lugha yetu nayo ni mfuko wa sarafu kuukuu. Neno pesa, ambalo kampuni kama yetu haiwezi kumaliza sentensi bila kulitaja, limetoka kwa paisa ya Kihindi, sarafu ndogo ya shaba. Fedha ni madini na ni hela kwa wakati mmoja. Hela yenyewe ni heller ya Wajerumani wa Tanganyika. Na Mombasa ukisema thumni, wazee wanajua ni senti hamsini, ingawa maana yake kwa Kiarabu ni sehemu moja ya nane.

Ilipigwa, lakini lini na nani?

Swali la kwanza alilotuuliza bibi baada ya maelezo haya lilikuwa la haki kabisa: "Kwa hivyo hii yangu ni bandia?"

Si lazima. Hapa ndipo watu wengi hukosea, wauzaji na wanunuzi. Kuna riale iliyopigwa na kiwanda cha serikali miaka mingi baada ya 1780, yenye uzito kamili na fedha kamili. Hiyo si bandia, ila si ya 1780. Kuna nakala zilizotengenezwa na watu binafsi, nyingine kwa nia njema ya kumbukumbu, nyingine za kuuzia wageni ufukweni. Na kuna bandia ya makusudi, yenye madini mengine ndani na rangi ya fedha juu.

Wakusanyaji wa Marekani wamepambana na tatizo hili hili kwenye sarafu zao za enzi za ukoloni. Koloni la Massachusetts lilianza kupiga shilingi zake mwaka 1652, na zile zenye picha ya msonobari zilipigwa kwa miaka kama 15 hivi, zote zikiwa na mwaka ule ule wa 1652. Mwaka ulioganda, tena. Karne mbili baadaye, mnamo 1856, mtu mmoja wa New York aitwaye Thomas Wyatt alitengeneza nakala za sarafu hizo na kuziuza kwa hadithi kwamba zimefukuliwa. Miaka ya 1860 fundi mwingine, John Adams Bolen wa Springfield, alichonga mihuri yake mwenyewe na kupiga nakala nzuri sana za sarafu adimu za zama hizo, kwa idadi ndogo. Sasa nakala za Bolen zenyewe zinatafutwa na wakusanyaji, wanaolipa pesa nzuri huku wakijua wazi kwamba ni nakala. Mwaka 1973 Marekani ilitunga sheria inayolazimisha nakala mpya za sarafu kuandikwa neno linaloonyesha kuwa ni nakala.

Kwa hiyo nakala inaweza kuwa na thamani. Asili nayo inaweza kuwa na thamani ndogo. Chukua senti kumi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1936, ile yenye tundu katikati. Imetolewa kwa jina la Mfalme Edward wa Nane, aliyetawala kwa miezi michache akajiuzulu. Ni halisi, ni ya kihistoria, na ndiyo inayotangazwa mitandaoni kila siku kwamba ni mamilioni. Lakini ilipigwa kwa mamilioni ya vipande, na nyingi bado zimo kwenye mikebe ya vifungo huko Msambweni na kwingineko. Uhaba ndio unaoleta bei. Uzee peke yake haufanyi kazi hiyo.

Ukitaka kitu adimu zaidi chenye jina la Pwani yetu, tafuta rupia ya Mombasa ya mwaka 1888. Ilitolewa na Kampuni ya Imperial British East Africa, ile iliyopewa hati ya kifalme mwaka huo huo na kuliacha eneo mikononi mwa serikali ya Uingereza mwaka 1895. Ina mizani upande mmoja, jina Mombasa, na herufi ndogo H, alama ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham. Au riale ya Sayyid Barghash wa Zanzibar, ya mwaka 1299 Hijria, yaani 1882 hivi. Hiyo ni adimu hasa. Ile pesa ya shaba ya Barghash ya mwaka huo huo, yenye picha ya mizani, utaipata kwa urahisi zaidi. Mtawala mmoja, mwaka mmoja, bei mbili zisizokaribiana.

Mizani ya sonara

Tulipanda tuktuk na bibi na mjukuu wake mpaka Ukunda, kwa sonara. Riale kamili inatakiwa kuwa na gramu 28.07 hivi na upana wa takriban milimita 40, na fedha safi ni sehemu 833 kati ya 1,000. Ya bibi ilisimama kwenye gramu 27.9, jambo la kawaida kwa sarafu iliyochakaa. Sumaku haikuivuta. Sonara aliigeuza akatuonyesha ukingo: maandishi ya Kilatini yamezunguka, IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani haki na huruma, na hakuna mstari wa maungio. Sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu huwa na alama hiyo ya maungio, na uso wake una vitundu vidogo kama ngozi ya chungwa. Iliyopigwa kwa muhuri ina kingo kali na uso ulioshikamana.

Basi, fedha ni fedha. Mjukuu akatoa simu yake akapiga hesabu: fedha safi iliyomo ni gramu 23.2 hivi, yaani robo tatu ya aunsi moja ya kupimia madini. Bei ya fedha duniani hupanda na kushuka, lakini zidisha utakavyo, unapata maelfu kadhaa ya shilingi. Riale za kawaida huuzwa karibu na bei hiyo ya madini, au juu yake kidogo. Ambayo ingefika mbali ni ile iliyopigwa kweli zama za malkia mwenyewe au miaka michache baada yake, na kuitambua ni kazi ya mtaalamu anayehesabu lulu kwenye bizimu ya begani na manyoya kwenye mkia wa tai, kwa sababu kila kiwanda kilichonga kwa mkono wake. Picha ya WhatsApp yenye kivuli cha kidole haitoshi.

Sonara alitusihi jambo moja, na tunalipitisha kama lilivyo: usiisugue. Jivu, ndimu, dawa ya meno, vyote viache. Sarafu iliyosuguliwa inang'aa machoni pa jirani, ila mkusanyaji akiiona anaweka mfuko wake ndani.

Sasa turudi kwenye Sh3,500

Tulimwomba bibi atuambie malipo yote aliyotajiwa. Sh3,500 za usajili. Baadaye kungekuwa na Sh6,000 za cheti, na "kibali cha forodha" ambacho kiasi chake kingetajwa siku hiyo hiyo ya kulipa. Angalia hesabu hiyo vizuri. Ada mbili za kwanza peke yake ni Sh9,500. Mpiga simu hakuwa na haja na riale. Alikuwa hajawahi hata kuuliza uzito wake, wala maandishi ya ukingoni, wala kuomba picha ya pili. Mnunuzi wa kweli huuliza maswali mpaka anakuchosha.

Tuliandika nambari ile kwenye simu ya wakala, kama mtu anayetaka kutuma, tukasimama kabla ya kuthibitisha. Likatokea jina la mtu binafsi, limesajiliwa hapa hapa Kenya. Si jina la mnada wala la kampuni, na hakuna Mmarekani. Bibi alisoma lile jina mara mbili, polepole, halafu akasema, "Huyu mbona si aliyejitaja?" Tunawaomba mlisome jina hilo kila mara, hata mnapotuma Sh50.

Tunasema waziwazi jambo ambalo kampuni za malipo hupenda kulisema kwa maandishi madogo. Pesa uliyoituma mwenyewe, kwa nambari yako ya siri, kwa mtu uliyemchagua, hatuwezi kukuahidi kuwa itarudi. Ukipiga simu kwetu mara moja tunaweza kuomba izuiwe kama bado imo kwenye akaunti ya mpokeaji. Matapeli wanajua hilo, ndiyo maana wanatoa pesa ndani ya dakika chache, au wanakuweka kwenye simu wakikupongeza mpaka wamalize kutoa. Aliyekwambia "usikate simu mpaka muamala ukamilike" ana sababu zake.

Kuna na mbinu ya upande wa pili, inayowapata wauzaji wa sarafu na hata wauza makuti. Unapata ujumbe kwamba umepokea Sh200,000, umeandikwa kama wetu, mpaka na nambari ya muamala. Baada ya dakika moja mtu anapiga: ameongeza sifuri kwa makosa, tafadhali mrudishie Sh180,000 haraka, mama yake yuko hospitali. Usiangalie ujumbe. Angalia salio kwenye menyu yako mwenyewe. Kama halijabadilika, hakuna aliyekutumia kitu.

Ukiuza sarafu kweli, uza ana kwa ana, mahali penye watu, kwa sonara au kwa wakala anayekujua, na sarafu isiondoke mkononi mwako kabla salio lako halijaongezeka. Anayenunua ndiye anayelipa. Bei ikiwa ya kueleweka, ada ya mnada hukatwa kwenye mauzo.

Kitu ambacho hata sisi hatukukijua

Mjukuu ndiye aliyeuliza: je, ikipatikana nyumba ya mnada ya kweli ng'ambo, unaifunga tu kwenye bahasha na kuituma? Hapana. Kwa Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, kitu kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895 huhesabiwa kuwa kitu cha kale, na kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Rupia ya Mombasa ya 1888 imo. Riale ya bibi, kama ililetwa kabla ya mwaka huo, imo pia. Na ukifukua sarafu shambani au kwenye magofu, hiyo si ya kupeleka Facebook kabisa: inatakiwa Makumbusho ya Taifa yajulishwe ndani ya siku saba. Watu wa Kinondo hawahitaji kufundishwa sana hapa. Kwenye Kaya Kinondo, ambayo pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, mgeni hufungwa kaniki kiunoni na huambiwa asitoke na hata jani.

Tulimshauri bibi aipeleke Fort Jesus, Mombasa, akaulize kwa watu wa makumbusho kabla ya kuongea na mnunuzi yeyote. Ni matatu mpaka Likoni na kivuko, nauli haifiki hata robo ya ile ada. Alicheka akasema magoti yake hayaipendi feri, atamtuma mjukuu.

Zile Sh3,500 hazikutumwa. Alitumia sehemu yake kununua unga na mafuta kwenye duka lile lile, na nambari ya tapeli tukaipeleka kwenye kitengo chetu cha ulaghai. Jioni, tukiwa tunakunja meza, simu yake ililia mara tatu. Hakupokea. Alimpa mjukuu, na mjukuu akamuuliza yule mtu riale yake inatakiwa kuwa na gramu ngapi. Simu ikakatika.

Wiki iliyopita msichana huyo alitutumia picha mpya, safari hii bila kidole. Ameazima kioo cha kukuza kutoka maabara ya shule yao na anajaribu kuhesabu lulu kwenye bizimu ya malkia. Mara ya kwanza alipata nane. Mara ya pili tisa. Anasema moja imechakaa na haonekani kukubali kushindwa.